Je, Wajua? Rioja na Vituko vya Mvinyo Wake

Je, wajua kwamba katika mji wa Haro, kaskazini mwa Uhispania, kila tarehe 29 Juni maelfu ya watu hupanda mlimani asubuhi wakiwa na nguo nyeupe pee na vitambaa vyekundu shingoni, kisha hushuka wakiwa zambarau kuanzia utosini hadi kwenye soksi? Siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Petro. Meya hutangulia akiwa amepanda farasi, bendera mkononi, na umati humfuata hadi kwenye majabali ya Bilibio. Misa husomwa katika kikanisa cha Mtakatifu Felices. Ikiisha, vita huanza. Silaha ni ndoo, bastola za maji za watoto, viriba vya ngozi, na hata yale mabomba ya mgongoni ambayo wakulima hunyunyizia dawa mashambani. Risasi ni mvinyo mwekundu.

Chanzo chake? Wenyeji husimulia kwamba Haro na jirani yake Miranda de Ebro waligombea mpaka kwa karne nyingi, na kwamba watu wa Haro walilazimika kupanda kule kila mwaka kusimika bendera yao ili haki ya ardhi isiwaponyoke. Kazi ya serikali ikageuka hija, hija ikageuka mlo wa pamoja, na mlo wenye vijana wengi na viriba vingi vya mvinyo tunajua huishia wapi. Tangu 2011 Uhispania inaitambua rasmi kuwa sherehe ya kitaifa ya kitalii. Na kabla hujasikitikia mvinyo unaomwagwa: hakuna mwenye akili timamu anayebeba chupa ya thamani kwenda Bilibio. Kinachomwagwa ni kile cha bei ya chini kabisa.

Je, wajua Rioja yenyewe iko wapi? Ni bonde la mto Ebro, milima ya Sierra Cantabria ikiwa upande wa kaskazini na Sierra de la Demanda upande wa kusini. Sierra Cantabria huzuia upepo wa baridi na mvua utokao bahari ya Atlantiki. Ukisimama chini yake siku ya mawingu utayaona yameng'ang'ania kileleni, hayavuki. Mizabibu imefunika zaidi ya hekta 60,000, na jina la eneo la mvinyo si sawa na jina la mkoa: Rioja ya chupani inaingia pia Álava, katika Nchi ya Wabaski, na kipande cha Navarra. Unaweza kunywa chai Haro, ukavuka mto kwenda Labastida, na ghafla vibao vya barabarani vinaandikwa kwa lugha mbili.

Wajua kwamba mizabibu ya huko huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kati ya Septemba na Oktoba? Ya Dodoma huvunwa mara mbili. Ya Rioja hulazwa usingizi na baridi kali. Ikifika Januari ni vishina vyeusi tu, na mgeni asiyejua anaweza kudhani shamba zima limekufa.

Je, wajua kwamba utajiri wa Haro uliletwa na mdudu? Anaitwa filoksera, mdogo kuliko kichwa cha pini, na chakula chake ni mizizi ya mzabibu. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Alisafirishwa hadi Ulaya ndani ya miche, na kuanzia miaka ya 1860 aliyamaliza mashamba ya Ufaransa moja baada ya jingine. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakabaki na wateja, meli na mapipa, lakini hawana mvinyo wa kuuza. Wakavuka milima ya Pirenei wakiwa na fedha mkononi, na jirani wa karibu mwenye mizabibu mizima alikuwa Rioja. Kufa kufaana.

Sasa, kwa nini Haro na si mji mwingine? Kwa sababu ya treni. Stesheni ya Haro ilifunguliwa mwaka 1863, kwenye reli iendayo bandari ya Bilbao. Mwenye kiwanda cha mvinyo, yaani bodega, alijenga pale ambapo pipa likitoka mlangoni linabingirika moja kwa moja hadi kwenye behewa. López de Heredia walianza mwaka 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890, Bodegas Bilbaínas 1901. Wengine walifuata, na mtaa ule hadi leo huitwa Barrio de la Estación, mtaa wa stesheni. Mgeni huteremka kwenye treni na kutembea kwa miguu kutoka bodega moja hadi nyingine bila kuhitaji gari. Watalii hudhani mpango huo ulibuniwa kwa ajili yao. La hasha, ulibuniwa kwa ajili ya mapipa.

Wajua kwamba mwaka 1890 Haro ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kabisa Uhispania kuwa na taa za umeme barabarani? Mji mdogo wa wakulima uling'aa wakati miji mikubwa bado inawasha taa za gesi. Benki Kuu ya Uhispania nayo ikafungua tawi hapo. Pesa ya mvinyo haikujificha.

Na mdudu? Alifika. Mwaka 1899 alionekana Rioja, akaanza kula kama alivyokula Ufaransa. Bahati ni kwamba dawa ilikuwa imeshapatikana: kupandikiza. Mizizi ya mizabibu ya Kimarekani imezoeana na filoksera na haifi, kwa hiyo kikonyo cha mzabibu wa Kihispania huunganishwa juu ya shina la Kimarekani. Takriban kila mzabibu utakaoushika Rioja leo una kichwa cha Uhispania na miguu ya Marekani.

Je, wajua kuhusu padri aliyetangulia wakati wake? Mwishoni mwa karne ya 18, Manuel Quintano wa Labastida alikwenda Bordeaux kujifunza namna Wafaransa wanavyohifadhi mvinyo ndani ya mapipa ya mwaloni ili usiharibike safarini. Alirudi, akatengeneza, mvinyo wake ukasafiri baharini na kufika mzima. Kisha wakubwa wa biashara ya mvinyo wakaamua kwamba mvinyo wote wa eneo hilo lazima uuzwe kwa bei moja, uliohifadhiwa kwa gharama na uliotoka tangini jana. Nani angenunua mapipa kwa masharti hayo? Maarifa yakalala hadi katikati ya karne ya 19, yalipofufuliwa na watu wenye vyeo na mitaji: Luciano Murrieta, na yule aliyeitwa Marqués de Riscal.

Wajua kwamba mwaka 1635 wakuu wa mji wa Logroño walipiga marufuku magari ya kukokotwa kupita kwenye mitaa iliyo jirani na maghala ya mvinyo? Waliogopa mtikisiko ungeuharibu mvinyo uliokuwa ukipumzika chini. Leo tungewaita watu wa mazingira.

Pipa la Rioja lina lita 225, yaani chupa 300 kamili. Eneo zima lina mapipa zaidi ya milioni moja. Mengi ni ya mwaloni wa Marekani, ambao huupa mvinyo harufu iliyo karibu na vanila, na ukiingia ndani ya ghala lenye mapipa elfu kumi harufu hiyo inakupokea kabla ya mwenyeji wako kufungua mdomo.

Je, wajua kusoma chupa ya Rioja? Maneno matatu yanatosha. Crianza: mvinyo mwekundu umekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake ndani ya pipa. Reserva: miaka mitatu, pipani si chini ya mmoja. Gran Reserva: mitano, miwili yake pipani na miwili chupani. Chupa isiyo na neno lolote kati ya hayo si lazima iwe mbaya. Wapo wakulima wa Rioja Alavesa, yaani upande wa Álava, wanaotengeneza mvinyo wa kunywewa mwaka uleule, mwepesi, wenye harufu ya matunda, na wapo wenyeji wasiotaka mwingine. Nami, kwa mlo wa mchana, niko upande wao.

Wajua ule wavu wa waya wa rangi ya dhahabu unaofunika baadhi ya chupa za Rioja si pambo? Yaani sasa ni pambo, lakini zamani ulikuwa kufuli. Mvinyo wa Marqués de Riscal ulipopata sifa katika karne ya 19, hata kupata tuzo ya heshima huko Bordeaux kwenyewe mwaka 1895, matapeli walianza kuokota chupa tupu na kuzijaza chochote. Wavu ulizuia koki kung'olewa na kurudishwa bila kuacha alama. Kizuri chajiuza, wahenga walisema, ila hawakusema kizuri pia huibiwa jina.

Na je, wajua kwamba wavu huohuo sasa umekuwa paa la hoteli? Nenda Elciego, kijiji cha mawe chenye kanisa la zamani na watu karibu elfu moja. Katikati ya mizabibu utaona kitu kama utepe mkubwa wa zawadi uliopeperushwa na kimbunga ukagandia hapo. Ni hoteli ya Marqués de Riscal, iliyobuniwa na Frank Gehry, yuleyule wa makumbusho ya Guggenheim pale Bilbao, ikafunguliwa mwaka 2006. Mabati yake yana rangi tatu: waridi kwa mvinyo, dhahabu kwa wavu wa chupa, fedha kwa kifuniko cha shingo ya chupa. Inasemekana Gehry hakuwa na hamu na kazi hiyo, hadi wenyeji wake walipomteremsha chini kwenye ghala na kumfungulia chupa ya mwaka 1929, mwaka aliozaliwa. Wengine huhongwa kwa bahasha.

Kwa majengo ya namna hii utalii wa mvinyo ulibadilika Rioja. Zamani aliyekuja alikuwa mnunuzi, na alionyeshwa mapipa. Siku hizi wengi wanaokuja ni wapiga picha, na kila bodega yenye uwezo ikatafuta msanifu wa majengo mwenye jina. Kilomita chache kutoka Elciego, chini ya Laguardia, ipo Ysios ya Santiago Calatrava, iliyofunguliwa mwaka 2001, paa lake likipanda na kushuka kama vilele vya Sierra Cantabria vilivyo nyuma yake. Ukiliangalia kwa mbali huwezi kujua mlima unaishia wapi na jengo linaanzia wapi. Wenye jengo waliliangalia kwa karibu zaidi: paa lilikuwa likivuja, wakadai fidia mahakamani.

Pale Haro, López de Heredia walimwita Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, awajengee chumba cha kupokelea wageni. Kina umbo la chupa ya kumiminia mvinyo, na ndani yake kimehifadhi kibanda cha mbao ambacho familia hiyo ilikitumia katika maonyesho ya Brussels mwaka 1910. Kitu cha karne ya 21 kimelikumbatia kabati la babu. Mimi, kati ya majengo yote haya mapya, hili ndilo ningelipigia kura.

Wajua kwamba CVNE, majirani wao, wana ghala la mwaka 1909 lililobuniwa na ofisi ya Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris? Halina nguzo hata moja katikati. Si kwa urembo: mapipa yanapohamishwa, nguzo ni adui.

Je, wajua kwamba katika ghala la López de Heredia buibui hawafagiliwi? Utando umening'inia darini kama nyavu za wavuvi zilizoachwa zikauke, na chupa za zamani zimevishwa vumbi na ukungu. Mgeni wa kwanza huuliza kama afisa wa afya amewahi kufika. Kumbe buibui wameajiriwa: wanakula nondo ambao mabuu yao hutoboa koki. Bodega hiyohiyo ina karakana yake ya kuunda mapipa, kazi ambayo wengine wengi wameshawaachia viwanda.

Kuna ute wa yai pia. Muga, bodega nyingine ya mtaa wa stesheni, husafisha mvinyo mwekundu kwa ute wa mayai mabichi: ute hushuka taratibu ukibeba vumbivumbi lililoelea, na mvinyo ukabaki mwangavu. Wenye mzio wa mayai waulize kabla ya kuonja.

Je, wajua mji ambao chini yake kumejaa mashimo? Ni Laguardia. Mji huu umezungushiwa ukuta juu ya kilima, na katika Zama za Kati watu wake walichimba mahandaki chini ya sakafu za nyumba zao, ya kujificha na kukimbilia maadui wanapokuja. Vita vilipokwisha, kila familia ikajikuta na shimo lenye ubaridi uleule kiangazi na kipupwe. Wangelifanyia nini? Wakaweka mvinyo. Yapo zaidi ya mia mbili, na ndiyo maana magari hayaruhusiwi kuingia mjini: ardhi ni kama sega la asali. Unaegesha nje ya ukuta, unaingia kwa miguu. Ukipita vichochoro utaona matundu madogo ukutani karibu na ardhi. Ni ya kupumulia, kwani mvinyo unapochachuka hutoa hewa inayoweza kumuua mtu kimyakimya shimoni, na wazee hawakushuka bila mshumaa: ukizimika, unageuka haraka.

Katika mji huohuo alizaliwa mwaka 1745 Félix María Samaniego, aliyewaandikia watoto wa Uhispania hadithi za wanyama kwa mashairi. Watoto wa Pwani wana sungura na fisi. Wale wana mbweha wake, sisimizi wake na punda wake. Chini ya jumba la familia yake sasa kuna bodega, na wageni hushushwa ngazi kwa ngazi hadi mita kadhaa chini ya ardhi.

Wajua pia kwamba kabla ya bodega zote hizi watu walikamulia zabibu mwambani? Kuzunguka San Vicente de la Sonsierra, katikati ya mashamba, kuna mabeseni yaliyochongwa kwenye mawe tangu Zama za Kati, yenye mfereji wa kupitisha maji ya zabibu na shimo la kuyapokea. Hakuna tiketi wala mlinzi. Unaegesha, unatembea dakika chache, unaketi ukingoni. Jirani kuna vibanda vya mawe vya mviringo, vyenye paa la mawe pia, ambamo walinzi wa zabibu walilala msimu wa mavuno. Wezi wa zabibu hawakuanza leo.

Je, wajua makumbusho yenye vizibuo zaidi ya 3,000? Yako Briones, ya familia ya Vivanco, na yalifunguliwa mwaka 2004. Kuna kizibuo cha mfukoni, cha mezani, cha kuchekesha na cha aibu. Nje kuna bustani yenye aina zaidi ya 200 za mizabibu, na ndani mna sanaa tangu enzi za Warumi hadi Picasso. Asiyegusa pombe maishani anaweza kumaliza nusu siku humo bila kuchoka.

Kwa hakika, je, wajua kwamba Rioja inamfaa sana mgeni asiyekunywa? Miji yake haikujengwa na mvinyo peke yake. Njia ya hija ya kwenda Santiago de Compostela inapita hapa: Logroño, Nájera, Santo Domingo de la Calzada. Kabla hawajafika Logroño, wakiwa bado Navarra, mahujaji hukutana na ukuta wenye mabomba mawili. Moja hutoa maji, jingine mvinyo. Ni zawadi ya Bodegas Irache tangu 1991, bure, ingawa kuna kamera, na mwenye dumu anajulikana.

Halafu jogoo. Je, wajua kwamba katika kanisa kuu la Santo Domingo de la Calzada jogoo mmoja na tetea wake, weupe wote wawili na wazima kabisa, wanaishi ndani, katika kizimba kilichojengwa ukutani juu ya waumini? Husimuliwa kwamba kijana mmoja Mjerumani alipita hapo na wazazi wake wakienda kuhiji. Binti wa nyumba ya wageni alimpenda, kijana hakuitikia, binti akaficha chombo cha fedha katika mzigo wake na kumwita mwizi. Kijana akanyongwa. Wazazi wakaendelea na safari kwa uchungu, na waliporudi wakamkuta bado ananing'inia, mzima, akisema mtakatifu amemshikilia miguu. Wakamkimbilia hakimu, wakamkuta mezani. Hakimu akacheka: kijana wenu yuko hai kama alivyo hai huyu kuku wangu wa kuchoma. Kuku akaota manyoya, akasimama kwenye sahani, akawika. Tangu hapo kuku hawajakosekana kanisani. Hubadilishwa kwa zamu wasichoke, na hujaji anayemsikia jogoo akiwika huhesabu kwamba safari yake ina baraka.

Upande wa kusini, katika bonde la San Millán de la Cogolla, kuna monasteri mbili, Suso ya juu na Yuso ya chini, zilizoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997. Mtawa mmoja wa Zama za Kati, akisoma kitabu cha Kilatini kilichomshinda, aliandika maelezo pembeni mwa ukurasa kwa lugha ya watu wa mtaani, na kidogo kwa Kibaski. Maandishi hayo yamo katika mifano ya kale kabisa ya lugha hizo. Hapohapo, karne ya 13, aliishi Gonzalo de Berceo, mshairi wa kwanza wa Kikastilia tunayemjua kwa jina, ambaye aliona kazi yake ingestahili kulipwa glasi ya mvinyo mzuri. Na katika chumba cha vitabu vikubwa vya nyimbo kuna tundu dogo chini, la paka. Panya walikuwa wakila ngozi za kurasa.

Ukienda kusini-mashariki zaidi, Enciso na vijiji vya jirani vina maelfu ya nyayo za dinosauria mwambani, zenye zaidi ya miaka milioni 100. Wazee walisema ni kwato za farasi wa Mtakatifu Yakobo.

Je, wajua namna ya kula Logroño? Usikae. Mtaa wa Laurel ni mfupi, mtu anaumaliza kwa dakika tatu, na una makumi ya baa zilizobanana. Kila moja ina chakula chake kimoja ilichobobea. Ipo inayotoa uyoga tu, vipande vitatu vimepangwa juu ya mkate, kamba mdogo juu yake na mchuzi wa kitunguu saumu. Unakula ukiwa wima, unakunywa glasi ndogo, unalipa, unahamia mlango wa pili. Anayeagiza sahani tatu baa moja anajulikana kwamba ni mgeni.

Na wapenzi wa nyama choma wasikilize: baada ya kupogoa mizabibu kipupwe, wakulima hawatupi matawi. Hufungwa mafungu na kukaushwa. Siku ya kuchoma huwashwa, huteketea kwa haraka na kuacha makaa makali, na juu yake huwekwa mbavu nyembamba za mwanakondoo, chumvi tu. Dakika chache, basi. Hakuna kachumbari, nasikitika kusema.

Wajua nani huvuna? Septemba, wenyeji peke yao hawatoshi. Wavunaji hutoka mikoa mingine ya Uhispania, Ureno, Romania, Moroko, na nchi za Afrika Magharibi kama Mali na Senegal. Mashamba ya zamani yenye vichaka vifupi hayaingiliki na mashine, kwa hiyo kazi ni ya mgongo ulioinama na kisu kidogo kilichopinda. Baadhi ya vibarua hufika Logroño kabla ya kupata mwajiri, na magazeti ya huko huandika karibu kila mwaka kuhusu wanaolala nje. Mtalii hulipia kuvuna saa moja na kupigwa picha na kikapu. Kibarua hulipwa kuvuna kutwa. Safu ni ileile.

Wiki hizohizo Logroño husherehekea Mtakatifu Mateo, karibu na tarehe 21 Septemba. Jukwaani, mbele ya umati, wanaume wawili huingia ndani ya beseni la mbao na kukanyaga zabibu kwa miguu mitupu. Maji ya kwanza hutolewa kwa Bikira wa Valvanera, mlinzi wa mkoa.

Je, wajua kwamba bodega nyingi hazifunguliwi kwa hodi? Weka nafasi kabla, hasa ukitaka maelezo kwa Kiingereza, na ujue kwamba mchana hufungwa kwa ajili ya chakula, ambacho huko huanza saa nane. Wiki za mavuno ndizo zenye mengi ya kuona na ndizo ambazo wenyeji wana muda mdogo zaidi wa kukuonyesha. Chukua sweta hata Agosti, chini ya ardhi ni baridi. Usiyeonja uliza mosto, maji ya zabibu ambayo hayajachachuka. Bodega zinazopokea familia huwa nayo.

Na ile ndoo iliyo mezani wakati wa kuonja? Si ya takataka wala ya kunawia. Ni ya kutemea. Wataalamu hutema, maana kazi yao ni mivinyo arobaini kabla ya chakula cha mchana. Kutema hakumvunjii mwenyeji heshima hata kidogo. Anayeendesha gari aiweke ndoo upande wake wa meza, kwa sababu askari wa Guardia Civil wanajua vizuri kila barabara inayotoka bodega kuelekea Logroño.